Sentimita Tano za Uvungu

Vijana wa Dar es Salaam wanaonyanyua magari yao huita mchezo wao ofrodi, na sijawahi kusikia mtu akihangaika kuutafutia Kiswahili. Mimi nimehangaika, kwa sababu maneno ndiyo kazi yangu. "Nje ya barabara" inakuletea picha ya basi lililolala mtaroni. "Kuacha njia" ndiyo mbaya zaidi: katika miaka kumi na moja ya uandishi wa habari nimeandika "gari hilo liliacha njia na kupinduka" mara nyingi mpaka vidole vinaiandika vyenyewe. Kwetu gari linaloacha njia ni habari ya polisi. Kamanda wa mkoa anathibitisha, majeruhi wanakimbizwa hospitali ya wilaya, na dereva anatafutwa.

Nadhani neno halipo kwa sababu mchezo wenyewe ulizaliwa kwa watu ambao barabara zao zilishakwisha kutengenezwa. Mtu wa Marekani au Australia anatoka kwenye lami kwa hiari yake Jumamosi, Jumapili jioni anarudi. Mtu wa Kondoa akivuka korongo na gunia la mahindi nyuma ya pikipiki haendi ofrodi. Anaenda sokoni.

Hata hivyo gari lililonyanyuliwa ninalo, na nalipenda kuliko mtu anavyopaswa kupenda chuma. Ni Subaru Forester ya mwaka 2004, ile ambayo mafundi na madalali wanaiita SG5, rangi ya fedha ambayo siku hizi ni fedha kwa jina tu. Injini ya lita mbili, gia za otomatiki, nguvu inakwenda tairi zote nne. Nilinunua kwa mtu, hapahapa mjini, miaka minne iliyopita, kwa hiyo ushuru wa uchakavu alishaulipa mwingine. Pesa niliyolinunulia ilikuwa ya kiwanja.

Hapo kwenye kiwanja tusimame kidogo, maana msomaji wa Kitanzania ameshashtuka. Kwetu ukifika miaka thelathini na una kazi, swali ni moja: umenunua wapi? Kigamboni, Bunju, Mbopo, Chanika, popote, hata kama ni pori na nyoka wanakaa humo bure, ilimradi kuwe na vibao vinne vya mipaka. Mama yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa akinisaidia kuhesabu ile pesa tangu ikiwa laki tatu. Siku nilipompeleka uani kumwonyesha gari, tayari limeshainuliwa, alilizunguka mara moja akiwa amefunga mikono. "Limekaa kama jogoo anayepita kwenye tope," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini ambayo ndiyo inayouma zaidi: "Kiwanja hakipati pancha, mwanangu."

Sikuwa na jibu la papo hapo. Lilikuwa jibu refu.

Lilianzia kwenye viti vya nyuma vya magari ya watu. Mwandishi wa habari wa gazeti la Dar akienda mikoani, mara nyingi sana hukaa ndani ya Land Cruiser nyeupe isiyo ya gazeti lake. Ni ya wizara, ya mradi, ya shirika. Ofisi hazina magari ya kutosha wala mafuta, hilo kila mtu katika kazi hii analijua na wala si siri. Unapewa lifti, unapewa posho, unapewa karatasi yenye ratiba: saa nne kuwasili kijijini, saa nne na dakika arobaini na tano kuondoka. Hakuna anayekwambia uandike nini. Hana haja. Dakika arobaini na tano zinamtosha mwenyekiti kusoma risala, akina mama kuimba wimbo wa kukaribisha wageni, na mtu mmoja aliyeandaliwa kusema namna maisha yake yalivyobadilika. Mwenye gari ndiye mhariri wa kwanza, na kazi yake anaifanya kwa honi.

Miaka sita iliyopita, katika safari moja ya namna hiyo wilayani Kondoa, tulikwenda kuona kisima kipya. Pampu ilikuwa inang'aa, watoto wamepangwa mstari. Mimi nilichomoka pembeni nikakaa na bibi mmoja aliyekuwa hajapangwa popote, amekalia ndoo yake aliyoigeuza chini juu. Nilimwuliza maswali yangu ya kawaida kuhusu maji. Yeye akaanza mbali: "Pale mnapopaona pamechimbwa, sisi tulikuwa hatukanyagi. Ng'ombe wa baba yangu..." Honi ikalia. Ikalia tena. Dereva, mtu mwema kabisa, alikuwa akinionyesha saa yake kupitia kioo. Niliagana na bibi nikakimbia. Kwenye daftari langu, chini ya maneno "ng'ombe wa baba", nimeandika: haikuisha.

Madaftari yangu yana "haikuisha" nyingi. Siku moja nilikaa nikazihesabu, nikaacha zilipofika ishirini. Jibu la mama ni hilo. Sikutaka gari la kunifikisha mahali. Magari ya kunifikisha yalikuwepo tele, tena yenye viyoyozi. Nilitaka gari ambalo halitanipigia honi.

Sasa tuingie gereji.

Kunyanyua gari ni kazi yenye hesabu ndogo na uongo mwingi. Mafundi wana neno lao la Kiingereza kwa ile nafasi kati ya ardhi na tumbo la gari. Mimi huiita uvungu, neno la kitandani, maana ndicho kitu kilekile: pale chini unaposukumia masanduku na watoto wanapojificha. Forester ya aina yangu hutoka kiwandani na uvungu wa kama sentimita 20. Nilitaka 25.

Sentimita ya kwanza ilitoka kwenye tairi. Ubavuni mwa tairi la zamani paliandikwa 215/60R16: upana milimita 215, ukuta wa tairi asilimia 60 ya upana huo, rimu ya inchi 16. Nikahamia 215/65, yenye meno makubwa. Asilimia tano ya 215 ni karibu milimita 11. Basi hiyo ndiyo sentimita moja, na matairi manne yalinila zaidi ya milioni moja ya shilingi. Tena tairi likiwa kubwa, mshale wa spidi unabaki nyuma: kama ulikuwa mkweli mwanzoni, sasa ukisoma 80 wewe unakwenda karibu 83. Kwenye vijiji vya barabara ya Morogoro, kibao kinasema 50 na trafiki wamekaa na tochi yao nyuma ya mwembe, hiyo si hesabu ya kudharau.

Nne zilizobaki zilichongwa Gerezani: vipande vinene vya aluminiamu vinavyokaa juu ya shokapu, kati yake na bodi. Ilibidi niende gereji mara tatu kabla vijana hawajaacha kuniomba namba ya simu ya mwenye gari. "Dada, bro mwenyewe anasemaje?" Bro mwenyewe alikuwa mimi. Aliyewanyamazisha ni fundi mkuu wao, mzee wa Ilala anayevaa miwani miwili kwa pamoja akiwa chini ya gari, ambaye tangu siku ya kwanza aliniita mwanangu na kunifokea kama mwanawe.

Yeye ndiye aliyenieleza jambo ambalo wana ofrodi wengi wa mjini hawalijui. Land Cruiser ya kazi, ile ngumu ya miradi, nyuma ina ekseli nzima: chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi, na difu imekaa katikati kama fundo kwenye kamba. Inua bodi mpaka mawinguni, difu inabaki palepale kwenye mawe. Kinachoiinua ni tairi kubwa tu. Subaru difu yake imefungwa juu, na kila tairi lina mguu wake lenyewe. Ukiinua bodi na difu inapanda nayo. Kwa hiyo sentimita nne za springi kwenye kigari hiki ni sentimita nne za kweli, wakati kwenye lile gari kubwa zinaweza kuwa za kupigia picha.

Ila hakuna cha bure. Shafti zinazopeleka nguvu kwenye matairi zilizoea kulala karibu sambamba na ardhi; ukiinua gari zinaelekea chini, na sivijointi inafanya kazi ikiwa imekunja shingo siku nzima. Tairi la nyuma nalo, kwa kuwa linashikwa na mkono mrefu unaotokea mbele, linavutwa mbele kidogo na kuanza kulamba plastiki ya bodi, hivyo mkono huo unahitaji kipande chake cha kuushusha. Kisha alaimenti, la sivyo matairi ya milioni yanalika upande mmoja ndani ya mwezi. Kisha gari linayumba. Subaru ina bahati: mitungi ya injini yake imelala ubavuni, kushoto na kulia, uzito uko chini. Ukipakia keria madumu na tairi la akiba, bahati hiyo umeirudisha dukani. Nilimwuliza mzee kama tunaweza kufika sentimita kumi. Alitoka chini ya gari, akavua miwani mmoja. "Mwanangu, tano zinatosha. Ukitaka kumi, nunua gari lingine."

Tuliongeza bamba la chuma chini ya injini, likatobolewa tundu la kumwagia oili ili tusilifungue kila sevisi. Keria ipo, ila napakia vitu vyepesi. Ile pua ya plastiki inayopanda ubavuni mwa kioo ili injini ivute hewa juu ya maji, nimeikataa, ingawa inapendeza. Sivuki mto ambao sijamwona mtu akiuvuka kwa miguu, na mtu akiuvuka kwa miguu maji yakamfika kifuani, mimi napika chai ng'ambo hii. Taa sita za juu pia nimekataa. Ndani ya buti kuna koleo, kamba ya kuvutia, kompresa ndogo, kipimo cha upepo, maji lita ishirini na kipande cha ubao mnene. Ubao huo ndio kifaa ninachokiheshimu kuliko vyote. Jeki bila ubao kwenye mchanga inazama yenyewe, gari linabaki linakutazama.

Wanaocheka kuona Subaru ikijifanya gari la porini huwa nawakumbusha ilikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilihitaji gari la mafundi wake wa nyaya za milimani: lisiwe jipu baridi, lipite kwenye theluji. Kutokana na hitaji hilo, mwaka 1972 ikauzwa Subaru Leone ya kubebea mizigo yenye kuvuta kwa tairi zote nne. Ni gari la mafundi wa umeme, basi, tangu mwanzo. Na wazee wa Safari Rally wanakumbuka mwaka 1993, Patrick Njiru wa Kenya alipoyamaliza mashindano hayo na Subaru Vivio, kagari ka injini ya sisi 660 ambako ukikaona mjini unaweza kudhani ka mtu wa saluni. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na barabara zake nyingi zilikuwa hizihizi ambazo watu walikuwa wakipita na mbuzi wao.

Lakini na mimi nisiuze maneno. Gari langu halina ile gia ya ziada ya kutambaa polepole kwenye mawe. Tairi moja likiwa hewani, linaweza kuzunguka lenyewe kama feni huku mengine yakitazama. Kwenye mchanga mrefu gia za otomatiki zinapata moto, unasimama, unazisubiri. Huwa nasema gari hili linafika asilimia tisini ya ninakotaka, na kumi zilizobaki nina miguu.

Kondoa nilirudi mwishoni mwa Machi, mvua zikiwa hazijaisha. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita mia sita, na siku hizi karibu zote ni lami: Morogoro, Dodoma, kisha ile barabara ya kwenda Babati iliyozinduliwa mwaka 2018. Kwenye lami hiyo gari lililonyanyuliwa ni mzigo. Linakunywa mafuta zaidi, meno ya tairi yanaimba, upepo wa malori ya Singida unalisukuma. Mabasi yote yalinipita. Sentimita zangu tano zilisubiri mwisho kabisa, pale nilipoiacha lami kuingia kijijini kwa bibi, kilomita kumi na kidogo.

Mtu ambaye hajafika Kondoa ni vigumu kumweleza makorongo yale. Ardhi nyekundu imepasuka, kuta zinasimama wima, na chini kuna mto wa mchanga mweupe ambao mara nyingi hauna tone la maji. Serikali ilianzisha HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, kwa ajili ya ardhi hii: makinga maji, upandaji miti, matuta. Mwaka 1979 ikaamriwa mifugo yote itoke katika eneo lililoharibika. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwenye makaratasi. Nilichokuwa sijakisoma ni namna korongo linavyoanza. Linaanza na alama. Njia ya ng'ombe, njia ya gurudumu, mahali popote mguu mmoja umefuata mwingine kwenye mteremko, maji ya mvua yanakuja kuikuta njia imeshatengenezwa, nayo yanaifuata.

Ndiyo maana zile video za watu wanaokata pori na kupanda vilima pembeni ya njia, matope yakiruka, mimi hunitia kichefuchefu. Hifadhi za taifa zinakataza kutoka nje ya barabara, na zina haki. Gari langu nimelinyanyua ili niweze kubaki ndani ya alama zilizopo hata zikiwa mbaya. Gari fupi ndilo linalotafuta pa kupita pembeni.

Kwenye korongo la kwanza nilisimama nikashusha upepo wa matairi kutoka 32 hadi 18. Tairi lenye upepo mdogo linatandaza unyayo, kama ngamia. Nikiwa nimechuchumaa na kipimo, akafika kijana wa bodaboda na magunia mawili ya mkaa, akasimama kunitazama.

"Dada, unatoa upepo makusudi?"

"Makusudi."

"Sawa. Ukipita fuata alama zangu, usifuate za lori. Lori limepita jana, na usiku mto ulishuka."

Akaingia mchangani, miguu yote miwili nje kama makasia, injini yake ya Kichina ikilia, magunia yakicheza. Akatoka ng'ambo wala hakugeuka kunitazama. Nilifuata alama yake, mwendo mmoja, bila kusimama, bila kukata kona kali, nikasikia mchanga ukilifuta bamba kwa chini kama mtu anayefagia. Nikapita. Bila uvungu ningekaa pale, hilo nina hakika, kwa sababu bamba lilikuwa limeng'arishwa katikati kwa mchanga. Bila yule kijana pia ningekaa pale. Pikipiki yake haijainuliwa hata milimita.

Kijijini watoto walifika kwanza, kisha mwenyekiti akiwa anafunga vifungo vya shati. Swali lake la kwanza, kabla ya salamu kuisha vizuri: "Mradi gani?"

Hili sikuwa nimelihesabu kule gereji. Gari refu, keria juu, tope ubavuni, mwanamke wa mjini anashuka na daftari. Nani asiyejua maana yake? Nilisema sina mradi, nimekuja kumtembelea bibi fulani, tuliwahi kuonana. Hakuniamini, na katika nafasi yake nisingejiamini. Akina mama wawili walikuwa wameshaanza kujipanga. Mmoja aliniuliza kwa upole kama wimbo uimbwe sasa au baadaye. Sijawahi kuona aibu kama ile kwa sababu ya springi.

Bibi alikuwa hai. Amepungua mwili, lakini macho ni yaleyale. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku akinichunguza. "Wewe ulikimbia," alisema. Pampu ya kisima ilikuwa imekufa mwaka wa pili, nikaonyeshwa, mpini umefungwa kwa kamba ya katani kama mguu uliovunjika. Tulikaa uani kwake tangu saa tano asubuhi. Mpaka saa tisa alikuwa bado hajafika kwenye ng'ombe, maana kulikuwa na wajukuu wa kutajwa, na mkwe mmoja wa kulaaniwa, na mimi kuulizwa watoto wangu wako wapi. Nilisema bado. "Na gari hili ni la mumeo?" Nikasema langu. Alikaa kimya akilitazama. "Basi watakuja," alisema, sijui akimaanisha waume au watoto.

Jua lilipoanza kushuka ndipo aliposema. Mwaka ule wa amri alikuwa msichana aliyekaribia kuolewa. Baba yake alikuwa na ng'ombe kumi na saba, na mahari yake ilikuwa ihesabiwe kutoka kundi la ukoo wa mchumba. Makundi yote mawili yakatolewa, ya baba yake yakapelekwa kwa ndugu tambarare, upande wa mashariki. Nyumba ikakosa maziwa, samadi na mahari kwa msimu mmoja. Pale kilipochimbwa kisima palifungwa, pakapandwa miti, na mtoto aliyepeleka mbuzi pale mzazi wake alitozwa faini. Aliolewa miaka minne baadaye, na mtu mwingine. Miti ilikua. Alisema hilo kwa haki kabisa: miti ilikua, nyasi zilirudi, baadaye wakaruhusiwa ng'ombe wa kulishiwa zizini, na yeye mwenyewe alifuga mmoja mwenye maziwa mengi. "Waliyoyasema yalikuwa kweli," alisema. "Lakini walikuja asubuhi wakaondoka mchana. Hakuna aliyekaa tumweleze."

Giza liliingia. Sikuwa na mahali pa kwenda na hakuna aliyenisubiri. Nililaza viti vya nyuma nikalala ndani ya gari palepale uani, mlango wazi, jogoo halisi akipanda kwenye boneti alfajiri.

Siku ya pili nilipita Kolo, kaskazini ya Kondoa mjini, nikachukua mwongozaji kwenye kituo cha mambo ya kale, tukapanda kuiona michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006. Njia ya kule nayo ilikuwa ya mchanga na mawe, na kipande cha mwisho ni cha miguu kwa kila mtu, uwe na gari gani. Watu warefu wembamba kwa rangi nyekundu, wanyama, mistari. Mary Leakey aliinakili michoro ya eneo hili mwaka 1951, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Miaka thelathini na miwili. Nilikaa chini ya mwamba nikafikiria ratiba ya dakika arobaini na tano.

Habari ya bibi niliiandika maneno elfu mbili na mia tatu. Mhariri akaisoma yote, jambo ambalo si la kawaida, akasema: "Nzuri. Lakini hii ni historia, habari iko wapi?" Ilitoka maneno mia tano kuhusu pampu mbovu, na picha ya mpini. Wiki tatu baadaye mwenyekiti alinipigia kuniambia fundi amekuja na pampu inafanya kazi. Alinishukuru, kisha akauliza tena, kwa heshima, kama sasa naweza kumwambia ni mradi gani. Nadhani ataendelea kuuliza. Nimefikiria kuliondoa keria, kubandika kibao, kwenda kwa basi na kuchukua bodaboda kutoka lami. Hili la mwisho bado nalifikiria, kwa sababu yule kijana angenifikisha, na ningeshuka nikiwa mgeni tu, bila wimbo. Ila jioni angetaka kurudi kabla ya giza, na angekuwa na haki.

Gari sasa hivi liko juu ya mawe gereji. Mpira wa sivijointi ya mbele kulia umechanika, grisi imetapakaa ndani ya rimu, kama mzee alivyotabiri siku ile. Aliingiza mkono akatoa udongo mwekundu juu ya bamba, akauliza ni wa wapi, akaumwaga kwenye kopo la nati. Anasema Alhamisi. Najua maana ya Alhamisi ya fundi, kwa hiyo nimemwambia mama Jumapili ya wiki inayofuata. Anataka nimpeleke Mlalo, milimani Usambara, kwenye shule aliyoanzia kazi. Amesema nisiweke muziki, na tusiondoke huko mpaka yeye aseme.